Jiko Lenye Kiuno

Ukiingia Kamukunji, Nairobi, kwa upande wa Gikomba, masikio hufika kabla ya macho. Nyundo zinagonga kila upande, kila moja kwa mwendo wake, na mgeni huchukua muda kabla ya kuweza kusikia sauti ya mtu aliyesimama mbele yake. Hapa ndipo yanapotoka masanduku ya bati wanayokwenda nayo wanafunzi shule za bweni, makarai ya wajenzi, wilbaro, vikaango vya chipsi na masufuria ya kupikia harusini. Na hapa ndipo yanapotoka majiko ya makaa, ambayo nataka kuyazungumzia kwa kituo, kwa sababu sijui kitu kingine katika biashara za Afrika Mashariki kilichofikiriwa vizuri kama hicho.

Tumezoea kwamba ukitajwa ubunifu wa biashara, tunatajiwa programu za simu na vijana waliokaa mbele ya kompyuta. Hayo yana nafasi yake. Lakini jiko la makaa lenye bati nje na udongo ndani, linalouzwa kando ya barabara kuanzia Nairobi mpaka Kampala na Dar es Salaam, ni kazi ya ubunifu iliyokamilika kuliko nyingi tunazozipigia makofi. Tumeizoea tu.

Kaa kwanza na fundi. Mbele yake kuna kipande cha reli kilicholazwa juu ya gogo, ndiyo fuawe yake. Pembeni kuna nyundo mbili, nzito na nyepesi, tindo la kukatia, mkasi wa bati, msumari wa kuchorea, na rundo la vipande vya bati vilivyokatwa kama sampuli. Bati lake limetoka kwenye pipa kuukuu la mafuta au kwenye mabaki ya viwandani. Pipa hupasuliwa kwa tindo kutoka mdomoni mpaka kitakoni, likafunguliwa na kunyooshwa kwa nyundo mpaka lilale. Kunyoosha huko si kazi ya nguvu. Ukilipiga pigo zito mahali pamoja, bati hutanuka pale na kutuna, na uvimbe huo haukai tena. Ukiukandamiza hapa unaibukia pale. Fundi hupiga mapigo mepesi yanayofuatana, akianzia katikati na kwenda pembeni, na mkono wa kushoto unalisogeza bati kwa kiasi kilekile kila pigo linaposhuka.

Kisha huweka sampuli juu ya bati na kuchora. Hapa pana jambo ambalo mpita njia halioni. Sehemu ya juu ya jiko ni pana mdomoni na nyembamba chini, na sehemu ya chini ni kinyume chake. Umbo kama hilo halipatikani kwa kukata kipande kilichonyooka na kukizungusha. Ukifanya hivyo unapata mkebe. Lazima bati likatwe kwa upinde, na upinde huo ulingane na mteremko unaoutaka. Ukizidi kidogo mdomo unafunguka mno, ukipungua kidogo jiko linakuwa bomba. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa hesabu yake kwa duara na pembe. Fundi anayo hesabu ileile ndani ya kipande cha bati kilichotundikwa kwenye msumari, kilichosahihishwa na waliomtangulia mpaka kikakubali.

Baada ya kukata, hukunja ukingo wa bati upande mmoja kwenda ndani na upande wa pili kwenda nje, akaviumanisha na kuvigonga juu ya reli mpaka viwe pindo moja. Hakuna kuchomelea. Kisha vipande viwili, cha juu na cha chini, hukutanishwa pale penye wembamba na kupindwa pamoja. Hapo ndipo kiuno kinapozaliwa. Hufuata kitako, mlango wa kuingizia hewa na kutolea majivu, miguu, mikono miwili ya kubebea, na mafiga matatu ya kukalishia sufuria, yote yakishikwa kwa ribiti. Ribiti nyingine ni vipande vya msumari vilivyokatwa na kupigwa vichwa pande zote mbili. Ukimtazama fundi mzuri akipiga ribiti utaona anaacha mlango uchezecheze kidogo. Akiukaza mno, joto likija hautafunguka. Ribiti ya mkono, kwa upande wake, huikaza mpaka mwisho, maana mkono wa jiko ukilegea, mtu ataungua.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu jiko hili lina historia ya miaka inayojulikana.

Jiko la bati tupu lililokuwa likitumika mijini kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 lililetwa na vibarua na mafundi wa Kihindi waliokuja kujenga reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Lilikuwa jepesi, rahisi kutengeneza, na la bei ya chini. Kasoro yake ilikuwa moja nayo ilikuwa kubwa: lilipasha joto kila kitu. Vipimo vya wataalamu vilionyesha kwamba katika kila sehemu 100 za joto la makaa, zilizofika kwenye sufuria zilikuwa kati ya 10 na 20 tu. Nusu au zaidi ilipotea kupitia ukuta wa bati, ikapasha jikoni, miguu ya mpishi na ukuta wa nyumba. Mama aliyenunua debe la makaa alikuwa akinunua, kwa sehemu kubwa, joto la kumtoa jasho.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa nishati mpya na jadidifu hapa Nairobi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana katika miaka kumi iliyotangulia, misitu ilikuwa ikikatwa, na nishati ya kupikia ikaanza kuzungumzwa na watu ambao hawajawahi kuwasha jiko. Wizara ya Nishati ya Kenya, kwa fedha za Marekani, ikaanzisha mradi uliotafuta, pamoja na mengine, jiko linalobana makaa. Miongoni mwa waliolisumbukia alikuwa Maxwell Kinyanjui, na kielelezo walichokichukua kilitoka Thailand. Huko watu walikuwa wakipikia jiko la udongo lililovishwa ndoo ya bati: udongo hushika joto, bati huulinda udongo usivunjike. Wazo zuri, nalo lilikuwa limekwisha kujaribiwa na wapishi wa nchi nyingine.

Lakini jiko la Bangkok halikuwa jiko la Nairobi, na hapa ndipo ninapowavulia kofia waliolifanyia kazi. Udongo ulipopakwa ndani ya mwili wote wa jiko kutoka mdomoni mpaka kitakoni, jiko likawa zito, na udongo ukapasuka. Udongo ukipata moto hutanuka. Upande wa ndani unaogusa makaa hutanuka zaidi ya upande wa nje, na penye tofauti hiyo ufa hupata njia. Tena jiko lililokuja na kitako chembamba halikuwafaa watu wanaosonga ugali. Ugali husongwa kwa mwiko na bega. Mpishi husukuma, hugeuza, huegemea, na jiko lisilokaa imara humwagia mtu uji wa moto miguuni.

Jibu la mambo yote mawili likawa kiuno. Jiko likapewa umbo la ngoma iliyobanwa katikati, likapanuka juu kupokea makaa na sufuria, likapanuka chini kusimama imara. Udongo ukawekwa nusu ya juu tu, palipo na moto, ukakaa juu ya ukuta wa bati ulioinama, ukibebwa nao. Nusu ya chini, penye majivu na hewa, ikaachwa bati tupu kwa sababu hapahitaji kitu kingine. Uzito ukapungua, gharama ikapungua, nyufa zikapungua, na mpishi akapata mahali pa kuegemea. Badiliko moja la umbo likamaliza shida nne. Mtu anayetaka kujua ubunifu ni nini hahitaji mfano mwingine.

Ubunifu huo usingekuwepo bila fundi wa Kamukunji na wa mtaa wa Shauri Moyo. Mhandisi angeweza kuchora umbo lolote analotaka. Aliyejua kwamba upinde ule unaweza kukatwa kwa tindo kwenye bati la pipa, kwamba pindo la kiunoni litashika bila kuchomelewa, kwamba mlango ukikatwa mahali fulani utaudhoofisha mwili wote, ni yule aliyekuwa na nyundo mkononi. Jiko likatengenezwa, likapelekwa kwa wapishi, likarudishwa na malalamiko, likatengenezwa tena. Matokeo yake ni kitu ambacho hakina sehemu hata moja inayohitaji mashine wala umeme.

Udongo wa ndani, yaani laina, ni ufundi mwingine kabisa, na mara nyingi hufanywa na watu wengine mahali pengine. Mfinyanzi huchagua udongo wake kwa vidole. Ukiwa laini mno utasinyaa sana ukikauka na kupasuka kabla haujauona moto. Ukiwa na mchanga mwingi hautashikana. Kwa hiyo huchanganywa: udongo huloweshwa, huchujwa mawe na mizizi, hukandwa mpaka mapovu ya hewa yatoke, maana povu moja lililobaki ndani linaweza kupasua laina tanurini. Bonge hutiwa kwenye kalibu, likashindiliwa na kusawazishwa mpaka ukuta uwe na unene mmoja kuzunguka. Unene huo ndio siri yake kubwa. Palipo nyembamba patapata moto haraka kuliko jirani yake, na hapo ndipo ufa utakapoanzia, labda baada ya wiki mbili, labda baada ya mwezi, mteja akiwa amekwisha kulisahau jina la aliyemuuzia.

Udongo ukishakaza kidogo, kabla ya kukauka, hutobolewa matundu ya kitako, ambayo ndiyo chekecheke la makaa. Hayo nayo yana kipimo. Yakiwa makubwa makaa madogo huanguka pamoja na majivu, hasara. Yakiwa madogo hewa haipiti na moto unadoda. Kisha laina huanikwa kivulini siku kadhaa, si juani, kwa sababu jua hukausha nje kabla ya ndani. Mfinyanzi mwenye haraka huanika juani, na kila aliyenunua laina iliyopasuka mapema amewahi kulipia haraka hiyo. Mwisho ni tanuri. Huko udongo huacha kuwa udongo. Ukitoka hauyeyuki tena majini, na ukigongwa kwa kucha hulia.

Kuunganisha hivi viwili kuna ujanja wake. Kati ya laina na bati huwekwa rojo la saruji lililochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayofura yakipata moto na kubaki na hewa ndani yake. Rojo hilo hushikilia laina, huzuia joto lisipite kwenda kwenye bati, na hulegea kiasi cha kuruhusu udongo utanuke bila kuvunjika. Saruji tupu ingeshika kwa nguvu zaidi, na kwa sababu hiyohiyo ingeupasua udongo.

Jiko lililotengenezwa hivyo hupeleka kwenye sufuria kati ya sehemu 25 na 40 za joto katika kila 100. Yaani karibu mara mbili ya lile la zamani. Ila mpishi halipimi hivyo. Yeye huona kwamba ameweka makaa kidogo, chai imeiva, akafunga kale kamlango, akainjika maharagwe, na moto upo. Mlango ule mdogo ndio usukani wake. Ukiufungua, hewa inaingia na makaa yanawaka kwa nguvu za kuchemshia. Ukiurudisha, yanatulia na udongo unaendelea kutoa joto ulilolihifadhi. Wali wa nazi unaotaka moto wa polepole chini na makaa machache juu ya kifuniko hupata kwenye jiko hili mwenzi wake.

Sasa upande wa biashara, ambako naona somo kubwa kuliko yote, na ambako watu wa vyuo vya biashara wangepaswa kukaa zaidi.

Jiko hili halikuwekewa hataza. Hakuna kampuni iliyolimiliki umbo lake. Mashirika kama KENGO yalifundisha mafundi, michoro ikatoka, na mwaka 1991 Hugh Allen akachapisha kitabu kizima cha mwongozo kwa watengenezaji, hatua kwa hatua. Mwanzoni jiko lilikuwa ghali. Liliuzwa kwa kiasi cha dola 15, bei ambayo mwenye kipato cha chini hakuithubutu, na watengenezaji walikuwa wachache. Mafundi walipoongezeka wakaanza kugombea wateja, wakagawana kazi: huyu akate miili tu, yule afinyange laina, mwingine aunganishe na kupaka rangi, mwingine achukuze kwa mkokoteni mpaka sokoni. Bei ikashuka mpaka dola chache. Makadirio ya miaka ya 1990 yalisema zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa na jiko hili. Hakuna tangazo la redio lingefanya kazi hiyo. Ilifanywa na bei, na pia na jirani aliyemwona jirani yake akinunua makaa mara moja pale yeye aliponunua mara mbili.

Serikali nayo ilikuja kuwatambua mafundi hawa, ingawa kwa kuchelewa. Shirika la Kazi Duniani liliandika tangu mwaka 1972, katika ripoti yake maarufu juu ya Kenya, kwamba watu hawa wa kazi ndogondogo walikuwa wanazalisha na kuajiri, wakati askari wa jiji walikuwa wakiwafukuza. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, na baadaye mafundi wakajengewa mabanda ya kujikinga na jua lile lililowapa jina la jua kali. Waraka wa Bunge Namba 1 wa mwaka 1986 ukaiweka sekta yao kwenye mipango ya uchumi. Mabanda yale ni madogo na kazi imeyafurika zamani. Nyundo nyingi bado zinagonga nje.

Jiko likavuka mipaka. Tanzania ikawa na Jiko Bora, na shirika la TaTEDO likalisukuma mbele kwa miaka mingi. Uganda na Rwanda wakalichukua. Ethiopia wakatengeneza lao wakaliita Lakech, na Ghana wakatengeneza Gyapa kwa mfano wake. Kila lilipofika fundi wa pale alilibadilisha kidogo, kwa udongo wake na sufuria za watu wake. Wazo lililotoka Thailand likapata kiuno Nairobi, kisha likaenda Accra.

Uhuru huo una upande wake mbaya, na mtu anayeupenda ufundi huu hana haki ya kuuficha. Kisichomilikiwa na mtu hakilindwi na mtu. Sokoni leo kuna majiko yaliyokatwa kwa bati jembamba linalokunjika kwa mkono, laina iliyochomwa nusu nusu inayomomonyoka kama biskuti ukiitia maji, na rojo la udongo mbichi mahali palipotakiwa saruji na vemikulaiti. Yamepakwa rangi ya fedha, yanang'aa, na kwa macho hayatofautiani na lililo zima. Mteja anaposhindana na fundi mpaka bei inashuka chini ya gharama ya bati, fundi hupata mahali pa kufidia, na mahali hapo ni ndani ya jiko, pasipoonekana. Nimesikia mazungumzo ya aina hii mara nyingi:

"Fundi, hili halitapasuka?"

"Mama, siku ya kwanza liwashe kwa makaa machache, lipate moto polepole. Usilimwagie maji likiwa la moto."

"Na lile la mia moja zaidi lina nini?"

"Lile laina yake nimeinunua mahali ninapopajua."

Shilingi 100 hiyo ndiyo gharama ya siku za kivulini na saa za tanurini. Fundi mwaminifu huisema wazi. Ninatamani wateja waisikie.

Katika miaka ya karibuni wameingia wenye viwanda. Kampuni ya Burn, yenye kiwanda Ruiru, ilianza kuuza Jikokoa mwaka 2013, jiko la makaa lililopimwa maabara, la chuma kilichokatwa kwa mashine. Ni kazi safi. Watafiti wawili wa uchumi, Susanna Berkouwer na Joshua Dean, walilifuatilia jijini Nairobi katika takriban kaya 1,000, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2022. Matumizi ya makaa yalipungua kwa asilimia 39, sawa na akiba ya dola 119 kwa mwaka, kwa jiko la bei ya dola 40. Hata hivyo, watu walipoulizwa wangekuwa tayari kulipa kiasi gani, wastani ulikuwa dola 12. Walipopewa nafasi ya kulipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu, kiasi hicho kiliongezeka mara mbili.

Matokeo hayo yananifundisha zaidi ya yale ya maabara. Watu hawakuwa wajinga wa akiba. Hawakuwa na dola 40 siku moja. Mtu anayeishi kwa kibarua cha kutwa hununua makaa ya kutwa, kwa kopo, kwa bei ya juu kuliko ya gunia, kwa sababu fedha humfikia kwa kopo vilevile. Kupanga malipo yafuate mkono wa mnunuzi ni ubunifu wa daraja moja na kukata upinde wa bati. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, iliufungua mlango huo kwa wenye makampuni. Fundi wa Kamukunji alikuwa akiufanya ubunifu huo zamani kwa daftari na kwa kumjua mteja wake: leta nusu, chukua jiko, nyingine mwisho wa wiki.

Ipo pia biashara ya hewa ya ukaa, ambamo makampuni ya majiko hulipwa kwa moshi uliozuiwa. Fedha zake zimeshusha bei ya majiko kwa wanunuzi wengi, na hilo ni jema. Lakini utafiti uliochapishwa Januari 2024, mmoja wa waandishi wake akiwa Daniel Kammen, mtaalamu wa nishati wa Marekani aliyelitangaza jiko la Kenya kwa wasomaji wa sayansi mwaka 1995, uligundua kwamba miradi iliyochunguzwa ilikuwa imejihesabia takriban mara tisa ya faida yake halisi. Jiko halihitaji kusemewa uongo. Akiba yake ya kweli inatosha kulisifia.

Wala jiko hili si jibu la kila kitu. Makaa bado ni miti. Kilo moja ya makaa ya tanuri la udongo hula kilo kadhaa za kuni, na serikali ya Kenya ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, bei ya gunia ilipaa na wapishi wa mijini ndio walioumia kwanza. Gesi inaingia majumbani na ninafurahi inavyoingia. Lakini mtungi ukiisha tarehe 20 na mshahara uko tarehe 30, jiko hutolewa chini ya meza. Litakuwepo kwa miaka mingi ijayo, na kwa hiyo linastahili kutengenezwa vizuri.

Ndugu msomaji, siku utakapokwenda kununua, usilitazame rangi. Liinue kwa mikono yake miwili na uone kama ribiti zinacheza. Fungua mlango na kuufunga. Geuza ulitazame chini. Kunja mafiga na kuyarudisha. Gonga laina kwa kucha, na ikitoa mlio butu, mwambie fundi akupe nyingine. Muulize imetoka tanuri gani. Fundi aliye na jibu ana jambo la kukueleza, mpe dakika zako. Ukilipata zima, lipa bei yake bila kumbana mpaka chini ya bati. Na ukifika nyumbani uliwashe nje au mlango ukiwa wazi, kwa sababu hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu wala rangi nayo huua watu usingizini, na hakuna fundi aliyeweza kuliondoa hilo kwa nyundo.